Taa za mashua ndogo ya tanga: ubandike mpya, ubadili globu, au utandaze waya upya?

Ukinunua mashua ndogo ya tanga iliyokwisha kutumika, mara nyingi hali ya taa huwa hivi: swichi nne, mbili zinafanya kazi, moja huwaka ukigonga ubao, na ya mwisho haijulikani iliunganishwa na nini. Globu ni za uzi, zinakula betri. Waya umepita nyuma ya mbao ambazo hazijafunguliwa kwa miaka. Hapo mwenye mashua hukwama kati ya njia tatu.

Njia ya kwanza ni kubandika. Waya wa zamani unauacha ulivyo, unanunua taa zinazojitegemea zenye betri ndani yake, za kuchaji au za betri kavu, na kuzifunga kwa kibano, kamba, gundi au sumaku.

Ya pili ni kubadili globu. Maganda ya taa yanabaki, waya unabaki, swichi zinabaki. Unachomoa globu ya uzi na kuchomeka ya LED.

Ya tatu ni kutandaza upya. Unang'oa kila kitu kuanzia betri hadi kileleni mwa mlingoti, unapitisha waya mpya, unaweka taa mpya na, mara nyingi, betri mpya na paneli ya sola.

Nitakayoyasema yanahusu mashua za chini ya mita 12, hasa zile za mita 5 hadi 9 ambazo mtu anaweza kuzifanyia kazi mwenyewe mwishoni mwa wiki.

Vigezo

Kabla ya kupima njia yoyote, tenganisha taa za kuonekana na taa za kuonea. Za kwanza zinawaambia wengine uko wapi na unaelekea wapi. Za pili zinakusaidia kusoma ramani, kupika na kutafuta kamba. Watu wengi huanza na utepe mzuri wa LED ndani ya chumba huku taa ya kijani ya ubavuni ikiwa imekufa. Kwangu mimi mpangilio huo ni hatari, na ndiyo maana kigezo cha kwanza ni kuonekana kwa mujibu wa kanuni. Vinavyofuata ni umeme unaoliwa, uvumilivu mbele ya chumvi na mtikisiko, kazi ya mikono inayohitajika, na mwisho athari kwa macho yako ya usiku, redio na dira.

Kuonekana kwa mujibu wa kanuni

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika 1977, zinataka taa ziwashwe tangu jua linapozama hadi linapochomoza, na hata mchana ukungu au mvua inapoziba upeo. Mashua inayokwenda kwa tanga huonyesha nyekundu kushoto na kijani kulia, kila moja ikimulika nyuzi 112.5 kuanzia mbele kabisa kuzunguka ubavu, na nyeupe ya nyuma inayomulika nyuzi 135. Kwa chombo cha chini ya mita 12, za ubavuni zionekane umbali wa angalau maili 1 ya baharini, na ya nyuma maili 2. Chini ya mita 20 unaruhusiwa kuziunganisha zote tatu katika taa moja ya rangi tatu kileleni mwa mlingoti.

Jambo linalosahaulika ni injini. Ikishaanza kusukuma, mashua yako ni chombo cha injini hata kama tanga lingali juu, na taa ya rangi tatu ya kileleni haifai tena. Unahitaji taa za ubavuni zilizo chini na nyeupe iliyo juu yake.

Mashua ya chini ya mita 7 imepewa nafuu. Inatakiwa ionyeshe taa hizo ikiwezekana. Isipowezekana, pawepo tochi ya umeme au taa nyeupe inayowaka, tayari karibu na mkono, ya kuonyeshwa mapema ili kuepusha mgongano.

Kubandika kunakaa vizuri ndani ya nafuu hiyo. Kwa mashua ya mita 5 isiyotembea usiku ila inapochelewa kurudi, seti ya taa za kufungia yenye nyekundu na kijani omoni, yaani mbele kabisa ya mashua, na nyeupe nyuma, pamoja na tochi yenye nguvu, ni jibu la heshima. Kagua mambo mawili tu: pawe pameandikwa umbali wa kuonekana, na taa ya omo ifungwe ikitazama mbele sawasawa na mstari wa kati wa mashua. Ikipinda kidogo, anayekuja mbele yako ataona rangi isiyo yake. Zile taa ndogo za sola za bustanini zisikudanganye. Hazifiki maili 2, na ukitia nanga mahali vyombo vinapopita, taa nyeupe ya kuonekana pande zote inatakiwa ifike huko.

Kubadili globu kunaonekana rahisi, lakini upande huu ndio wenye mtego. Ganda la taa lilipimwa na kuidhinishwa likiwa na globu yake. Uzi wa globu ile ni mwembamba na umesimama wima, kwa hiyo mwanga unakatika kwa ukali pale ganda linapoukata. Globu ya LED yenye vipande vingi vilivyotawanyika huufanya mpaka ule ufifie, na mtazamaji akaona nyekundu na kijani kwa pamoja kwenye eneo pana kuliko inavyotakiwa. Rangi nayo hubadilika: LED nyeupe yenye ubaridi ikipita kwenye kioo cha kijani huelekea ubuluu. Kama unabadili globu za taa za kuongozea, yaani zile za kuonekana, tafuta zilizotengenezwa kwa ajili ya ganda hilohilo. Kwa taa za ndani, badili bila wasiwasi.

Kutandaza upya ndiko kunakokupa uhuru wa kupanga. Mpangilio ninaoupenda kwa mashua ndogo una taa nne na swichi tatu. Swichi ya kwanza inawasha mbili za ubavuni, ya pili inawasha nyeupe ya nyuma, ya tatu inawasha nyeupe ya pande zote kileleni, ambayo iwe juu ya zile za ubavuni kwa angalau mita 1. Ukienda kwa tanga, ya kwanza na ya pili. Ukiwasha injini, ya kwanza na ya tatu, kwa kuwa chombo cha chini ya mita 12 kinaruhusiwa kutumia nyeupe ya pande zote badala ya nyeupe mbili, ile ya mlingoti inayomulika mbele na ile ya nyuma. Ukitia nanga, ya tatu peke yake. Hali zote tatu zimetimizwa, na hukulazimika kununua taa ya rangi tatu.

Taa ya rangi tatu ina faida yake. Iko juu, tanga la mbele haliizibi, na mawimbi hayaifuniki. Anayelala baharini akisafiri usiku kucha na aiongeze. Ila karibu na bandari, nahodha wa boti ndogo hutazama mbele yake, si angani, na taa iliyo mita 9 juu inaweza kumpita machoni.

Umeme unaoliwa

Globu ya uzi ya wati 25 hula takriban ampea 2 kwenye volti 12. Usiku wa saa 10 ni ampea-saa 20. Betri ya asidi ya ampea-saa 60 haifai kushushwa mara kwa mara chini ya nusu, kwa hiyo una 30 za kutumia, na taa moja imekwishachukua theluthi mbili. Taa ya LED inayofanya kazi ileile hula wati 2 hadi 3, yaani kama ampea 0.2, au ampea-saa 2 kwa usiku mzima. Ndani ni hivyohivyo: halojeni tatu za wati 10 zikiwaka saa 4 zinakula ampea-saa 10, LED tatu za wati 2 zinakula 2.

Kwa hesabu hii, kubadili globu ndiyo kazi yenye faida kubwa zaidi kwa kila dakika unayoitumia. Betri iliyokuwa haitoshi inatosha. Hakikisha tu globu imeandikwa kuwa inahimili kati ya volti 10 na 30. Betri inapochajiwa hufika volti 14.4, na globu za bei rahisi zilizotengenezwa kwa volti 12 kamili hufa mapema hapo. Zipo pia zinazochagua upande. Isipowaka, igeuze kabla hujailaumu.

Kubandika hakugusi betri ya mashua kabisa. Lakini unakuwa na betri ndogo nyingi, kila moja na siku yake ya kuisha. Zinadai nidhamu: kuchaji kabla ya kuondoka, kutoa betri kavu msimu ukiisha ili zisivuje, kutoziacha za lithiamu zichemke ndani ya chumba kilichofungwa juani.

Ukitandaza upya, swali linakuwa betri gani. Ya asidi iliyozibwa husamehe: ukiichaji kwa kifaa kisicho chake hasa, itaendelea. Ya lithiamu ya chuma na fosfeti ina uzito usiofika nusu ya ile ya asidi yenye ukubwa uleule, unaweza kutumia asilimia 80 au zaidi ya kilichomo, na volti zake hazishuki polepole, hivyo taa hazififii. Kwenye mashua ndogo tofauti ya kilo 15 unaihisi kwenye usukani. Ila kwa sababu haififii, haitoi onyo. Kinga yake ya ndani ikikata, giza linakuja mara moja. Haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, na inahitaji kidhibiti chaji kinachoijua. Ukiichagua, weka mita ya kuhesabu ampea-saa zinazoingia na kutoka, na tochi ya akiba isiyoitegemea betri hiyo.

Paneli ya wati 20 inatosha mashua yenye LED tupu. Iweke mbali na kivuli cha mlingoti. Kivuli chembamba kikipita juu ya sehemu ndogo tu kinaweza kuua sehemu kubwa ya umeme wake.

Chumvi na mtikisiko

Hapa ndipo umri unapojulikana. Shaba tupu ndani ya hewa ya bahari hugeuka nyeusi au kijani, na ubovu huo hutambaa chini ya kihami mbali na pale unapouona. Waya wa zamani ukiukata na kukuta weusi, kata tena sentimita kumi mbele. Ukiendelea kuwa mweusi, umekwisha.

Kubandika kunaukwepa ugonjwa huu, ila mihuri ya mpira ya taa za kufungia hukauka, na tundu la kuchajia ndilo mlango wa maji. Kubadili globu hakuuponyi hata kidogo: soketi yenye kutu itabaki na kutu. Safisha migusano kwa brashi ya waya, paka grisi ya umeme kidogo, na ukubali kwamba umeahirisha. Kutandaza upya kwa shaba iliyopakwa bati, yenye nyuzi nyingi nyembamba, ndiko kunakodumu.

Kazi ya mikono

Kubandika ni kazi ya saa moja, na ni kufikiri zaidi kuliko kufanya.

Kubadili globu ni asubuhi moja. Lakini kuna kipimo kimoja cha kufanya kabla hujatoa globu za zamani. Washa taa, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye soketi ya taa. Tofauti ikizidi asilimia 3, yaani kama volti 0.36, waya au kiungo fulani kinaumwa. Ukishaweka LED kipimo hiki hakisemi kitu, kwa sababu mkondo umekuwa mdogo mno kuonyesha udhaifu. Taa itawaka vizuri gatini na kuzimika siku kiungo kitakapoachia katika mawimbi. Globu ya zamani ndiyo chombo chako bora cha uchunguzi. Itumie kabla ya kuitupa.

Kutandaza upya ni kazi ya siku kadhaa, na mlingoti huenda ukahitaji kulazwa. Hesabu yenyewe si ngumu. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 10 hadi kwenye taa ni mita 20 kwenda na kurudi, na ukinzani wake ni kama omu 0.23. Globu ya ampea 2 ingepoteza karibu volti 0.47, takriban asilimia 4. LED ya ampea 0.2 inapoteza volti 0.05, kiasi cha kutojali. Kwa hiyo LED zingeridhika na waya mwembamba zaidi, lakini bado nashauri 1.5 ndani ya mlingoti, kwa sababu kinachoukata huko ni kuning'inia na kugongagonga, si mkondo.

Yanayotofautisha kazi nzuri na mbaya ni madogo. Fyuzi kuu iwe karibu na betri kadiri inavyowezekana, isizidi urefu wa kiganja, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna ulinzi wowote. Ukubwa wa fyuzi ufuate waya, si taa. Viungo vibanwe kwa koleo lake maalumu na kufunikwa kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Kulehemu peke yake hufanya waya uwe mgumu pale mwanzoni, na mtikisiko huuvunja hapohapo. Waya unapoingia kwenye tundu la sitaha, uache ushuke chini ya tundu kwanza kisha upande, maji yadondoke pale pa chini badala ya kuufuata hadi ndani. Kila waya uwe na lebo ncha zote mbili. Na mchoro wa mfumo ukae ndani ya mashua, sio nyumbani.

Kwa mashua ya kuvutwa na gari, ambayo mlingoti hulazwa kila safari, plagi ya sitahani ndiyo itakayokusumbua kuliko chochote. Nunua nzuri yenye kifuniko, au pitisha waya wote ndani na kuuungia chini ya sitaha, mahali pakavu.

Macho, redio na dira

Macho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza, na taa moja nyeupe kali huyarudisha mwanzo. Taa nyekundu hafifu husaidia, ingawa kwenye ramani za karatasi alama za rangi ya zambarau hupotea chini yake, na alama hizo hubeba maonyo mengi. Kwenye meza ya ramani napendelea nyeupe ya joto iliyopunguzwa sana. Kubadili globu mara nyingi hakukupi uwezo wa kupunguza. Kutandaza upya kunaweza. Kwa taa za kubandika, zipo zenye nyekundu, lakini angalia kama zinaanza na nyeupe kila unapobonyeza.

Redio ni tahadhari kwa njia ya pili na ya tatu. Mwaka 2018 walinzi wa pwani wa Marekani walionya kuwa baadhi ya taa za LED huvuruga redio za VHF, zile za mawasiliano ya vyombo baharini, na AIS, mfumo unaotangaza kwa redio chombo ni kipi na kiko wapi. Kuijaribu ni rahisi: weka redio kwenye chaneli tulivu, zungusha kizuia kelele hadi mlio ukome tu, kisha washa taa. Kelele ikirudi, taa hiyo ina kasoro, na ikiwa iko kileleni karibu na antena, ishushe.

Dira inaathiriwa zaidi na njia ya kwanza. Taa za kubandika kwa sumaku zikiwekwa karibu nayo huipotosha. Kwa taa ya dira yenye waya, sokota nyaya zake mbili pamoja ili uga wa mmoja uufute wa mwingine.

Kwa hali yako

Mashua iko chini ya mita 7, unatembea mchana, na giza likikukuta ni kwa kuchelewa: bandika. Nunua seti ya kufungia iliyoandikwa umbali wake, tochi nzuri, taa ya kichwani yenye nyekundu, na ubandike utepe wa kuakisi mwanga juu ya mlingoti. Fedha iliyobaki iende kwenye jaketi la kuokolea.

Waya haupotezi zaidi ya asilimia 3 ya volti, maganda ya taa yapo salama, shida yako ni betri kuisha kabla ya alfajiri: badili globu. Anza na taa ya nanga na za ndani, maana ndizo zinazowaka muda mrefu. Za ubavuni zifuate pale tu utakapopata globu inayolingana na ganda.

Waya ni mweusi ndani, au unapanga kusafiri usiku: tandaza upya, hata kama ni kwa awamu. Awamu ya kwanza iwe fyuzi kuu, swichi na taa za ubavuni na ya nyuma. Ya kilele isubiri siku mlingoti utakapolazwa kwa sababu nyingine. Betri ya lithiamu na sola vije mwisho, ukishajua mashua inakula kiasi gani hasa.

Kama unayo mashua kwa msimu mmoja tu kabla ya kuiuza, usiing'oe. Badili globu za ndani, bandika za kuongozea zinazotosha kwa urefu wake, na mpe mnunuzi vipimo vya volti ulivyovichukua kwenye kila soketi.

Na ikiwa fyuzi inakatika ovyo au waya unapata joto ukiushika, hakuna njia kati ya hizi tatu inayoanza kesho. Chomoa betri leo, tumia taa za kubandika kwa muda, na umwite fundi wa umeme wa vyombo vya baharini akague kabla ya kuwasha swichi yoyote.